Maneno ya Mwisho ya Mlinzi

"Hivi shoga, mtu kakuulia mume, nawe unampelekea sabuni. Akaoge aende wapi?"

Jirani aliuliza hayo mikono kiunoni, mlangoni. Mjane aliendelea kufunga sabuni kwenye gazeti.

"Akaoge tu. Kifungo cha maisha hakizuii jasho."

Jirani akacheka, kisha akaona haya kwamba amecheka.

Mtu huyo alikuwa muuza nyama. Mtaa mzima ulimwita Kilo Kamili, maana mizani yake haikuwahi kumpunja mtu, na kila mteja alitoka na kipande cha nyongeza na utani juu yake. Ila hasira zake zilikuwa karibu. Ujanani, machinjioni, alimvunja mwenzake taya kwa sababu ya ndoo ya maji. Wakubwa wakasema ni damu moto ya ujana, itapoa.

Haikupoa. Jioni moja mshirika wake wa duka alimwambia mbele ya wateja kwamba anabonyeza mizani kwa kidole. Kilo Kamili aliendelea kukata nyama. Alihudumia mpaka mteja wa mwisho, akateremsha mlango nusu, akamgeukia mwenzake na kisu cha kazi. Mlinzi wa maduka yale, mgeni asiyemaliza hata juma kazini, akainama kuchungulia. Naye hakurudi nyumbani. Huyo ndiye aliyekuwa mume wa mjane.

Mahakama ilimhukumu muuza nyama kunyongwa. Mjane, ambaye kazi yake ni kupiga pasi mashuka ya hospitali, aliomba kila alfajiri kamba isichelewe. Ikachelewa miaka na miaka. Kisha amri ikatoka juu: wote waliokuwa wakingoja kunyongwa, wafungwe maisha. Siku ile aliisahau pasi juu ya shuka mpaka moshi ukatoka. Alimkasirikia Mungu, na hasira hiyo ilimtisha kuliko kifo. Ndipo likamjia jambo likamsisimua mwili mzima: maneno ya mwisho ya mume wake yalisikiwa na mtu mmoja tu duniani, na Mungu amemwacha hai.

Akaenda gerezani. Alibeba sabuni kwa kuwa hakuzoea kumtembelea mtu mikono mitupu. Safari za kwanza yule mtu alitazama sakafu tu, akapokea, akaondoka. Askari wa kike akamnong'oneza mjane kwamba wamempanga jikoni, lakini kisu hakigusi. Kabichi za gereza zima anazichana kwa vidole, na wenzake wanamzomea: "Bucha gani hii ya majani?"

Safari hii yule mtu alikaa. Mvi zilikuwa zimemjaa, na vidole vimepasuka.

"Walishanipima uzito, mama," akasema. "Wakipima, ujue wanapima kamba ya kukunyongea. Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa napima. Niliposimama juu ya ile mizani, nikazisoma kilo zangu mwenyewe. Nikawafikiria wale wawili."

Mjane hakujua amwite nani, kwa hiyo hakumwita. "Mume wangu alisema nini?"

Muuza nyama alifumba macho. "Hakuwa ameona kitu bado. Aliingiza kichwa chini ya mlango, akasema, 'Pole na kazi, bosi. Mkimaliza niiteni, niwasaidie kushusha huu mlango, unaonekana mzito.'" Akafumbua macho. "Ndipo akaona. Hakusema tena."

Mjane alijishika kifua. Ndiye. Ndiye kabisa, mtu wa kubebea watu mizigo yao bila kuombwa. Ilikuwa kama amesikia mlango wa nyumbani ukifunguliwa. Machozi yakamtoka, na ndani yake palikuwa na utulivu wa ajabu, kama wa mtu aliyesimama mahali patakatifu.

Askari akagonga meza: muda umekwisha. Yule mtu akainuka, sabuni mkononi, halafu akageuka.

"Mama, ukija tena, naomba unisimulie alikuwa mtu wa namna gani. Mimi nilimwona mara moja tu."