Kurasa Tatu za Salamu

Hadithi yangu ya kwanza ya filamu ilianza na kurasa tatu za salamu. Mkufunzi aliyekuja Iringa kutufundisha kuandika miswada, ili mmoja uchaguliwe kutengenezwa filamu, alizisoma huku akicheka. "Habari za nyumbani, habari za watoto, habari za mahindi. Ugomvi unaanza lini, dada?" Alisema mtazamaji aingizwe mambo yakiwa yameshapamba moto. Nilinuna, maana kwetu hata anayekuja kugombana huanza na salamu ya kamwene. Hata hivyo nilizifuta zote.

Swali lake la pili ndilo lililonishinda: huyu mama anataka nini? Mama huyo alikuwa mama yangu mzazi, na ugomvi ulikuwa wake na mdogo wake, kuhusu mpaka wa shamba la Kilolo. Hawakuzungumza tena hadi tulipomzika mama mdogo mwaka juzi. Nilijibu kwamba anataka shamba. Mkufunzi akasema shamba ameshalipata, sasa anataka nini?

Jumamosi nilimkuta mama jikoni anachambua maharage, nikamsomea muswada. Nilipofika pale mama mdogo anapoingia na kuanza moja kwa moja kudai mpaka, akasukuma ungo pembeni.

"Hata kamwene hakuna? Unamsingizia mwenzio. Mdogo wangu alisalimia. Alisimama hapo mlangoni akasalimia mara mbili. Mimi ndo sikuitika."

Miaka yote nilidhani mama mdogo ndiye aliyeondoka kwa kiburi. Nilimkasirikia mama, na papo hapo nikamhurumia.

Akaokota maharage mawili yaliyoanguka. "Sasa kwenye hiyo filamu yako," akauliza, "mimi naweza nikaitika?"

Nikaandika aitike. Mkufunzi, nilipomsimulia ilivyokuwa kweli, hakupenda hata kidogo. Alisema kule kunyamaza kwa mama ndiko filamu yenyewe, na nikirudisha kimya hicho, muswada wangu ndio utakaochaguliwa. Alikuwa sahihi, na hilo liliniudhi zaidi. Nilimwambia basi wachukue wa mtu mwingine, na kweli wakachukua.

Jumapili ya wiki iliyofuata, tulipotoka kanisani, nilimsomea mama upya. Wala hakuuliza kama muswada umechaguliwa. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani hadi nilipomaliza.

"Rudia pale ninapoitika," akasema.