Kakao Niliyompikia Mama Mchungaji

Msinihurumie, nilijitakia mwenyewe. Enzi zile za ruksa, maduka ya Makambako yalipojaa vitu vya nje, mwanangu aliniletea makopo mawili ya kakao. La kwanza nililimaliza upesi. Kopo tupu nikalitia ugoro wangu, nikaliweka rafuni kando ya lile la pili, maana mbele ya akina mama wa kanisa nilikuwa nimeapa kwamba nimeuacha, na nani angetafuta ugoro kwenye kopo la kakao?

Jumamosi moja Mama Mchungaji akaja na wenzake wawili. Walitaka niwe mwenyekiti wao. Nikasema moyoni, leo watanitambua. Nikachemsha maziwa mazito, nikatia sukari, siagi na mdalasini, kisha vijiko sita vilivyojaa kutoka kopo la rafuni. Harufu sikuisikia. Pua iliyozoea ugoro miaka arobaini haisikii hata beberu.

“Kunyweni, mama zangu. Hii hata kwa mkuu wa wilaya hamwipati.”

Mama Mchungaji akapiga funda moja, akalirudisha kikombeni. Machozi yakamtoka. Akaomba kopo, akalinusa, akapiga chafya mpaka kilemba kikaanguka.

“Bibi,” akasema akijifuta, “si ulituapia umeacha ugoro?”

“Nimeacha, mama. Huo ni wa zamani.”

 Alinitazama tu puani, nami nikajipangusa kwa kiganja. Kiganja kikatoka na unga wa ugoro wa asubuhi ile ile.