Nilimsikia Mama Kimya Akiimba Makumbusho

Mama yangu alifariki miaka minne iliyopita. Mwezi uliopita nilimsikia akiimba.

Usiniambie nilikuwa naota. Ilikuwa mchana kweupe, jua la kuchoma, nina tiketi mkononi na jasho linanitiririka mgongoni.

Na kabla hujaniambia "pole dada, hayo ni majonzi", ngoja kwanza. Mimi ni msusi, mdomo wangu unafanya kazi kuliko vidole. Hii ni habari ya hasira, na hasira yenyewe bado ninayo.

Iko hivi.

Baba yangu ni dereva wa malori mstaafu. Kila mwaka husafiri kwenda mji mmoja wa pwani. Anasema kuna daktari wa macho kule anayemwamini. Mwaka huu magoti yamemgomea, nikasema nitamsindikiza. Akakataa katakata.

"Utafunga saluni kwa ajili ya macho yangu?"

"Nafunga. Na mimi nataka kuiona bahari, baba. Kila siku vichwa vya watu tu."

Tukafika. Mji mzuri, sidanganyi. Minazi, upepo wa chumvi, vichochoro vyembamba mpaka watu wawili wakipishana lazima mmoja ajibane ukutani. Nikapanda ngome ya zamani, nikapiga picha na mizinga, nikauziwa kinyago kwa bei ya mgeni. Kwa daktari hatukwenda. Kila nikiuliza, baba anasema kesho.

Nikasema basi, twende makumbusho.

"Makumbusho ya nini? Vitu vya kale si vimejaa nyumbani? Nenda wewe, mimi nakaa hapa nje kwenye benchi."

Nikamwacha, nikaingia.

Ghorofani kuna chumba cha kusikilizia nyimbo za zamani. Viti vichache, kila kiti na hedfoni zake, na ukutani kikadi kidogo: wimbo, mwimbaji. Nikakaa kile cha dirishani kwa sababu kilikuwa karibu na feni. Nikabonyeza.

Mtu akakohoa kidogo. Halafu sauti ikasema, "Haya basi, twende nalo."

Nikazibana hedfoni masikioni.

Kauli hiyo ni ya mama. Aliisema kabla ya kuwasha jiko, kabla ya kunichana nywele, kabla ya kuinuka kitandani hata siku zake za mwisho. Na kikohozi kile ni chake.

Kisha akaimba.

Sasa elewa kitu kimoja. Mama yangu alikuwa haimbi. Mtaani walimwita Mama Kimya. Hata watoto wake alitubembeleza kwa kutupigapiga mgongo tu. Na huyu hapa anaimba mpaka mwili unanisisimka, na mwishoni anacheka, kicheko cha msichana.

Nikatazama kadi. "Mwimbaji: hajulikani."

Hapo mori ukanipanda.

Nikamfuata msimamizi wa chumba, mama mmoja wa makamo, miwani inaning'inia shingoni.

"Hajulikani kwa nani? Huyu ni mama yangu mzazi. Mnachukua sauti ya mtu, mnaikatia watu tiketi, jina mnatupa?"

"Taratibu, dada. Mimi nimeikuta hivyo. Na umekuja wakati mzuri. Mwisho wa mwezi nyimbo zisizo na jina la mwimbaji zinatolewa humu, zinafungiwa stoo. Kama kweli unamjua..."

"Mumewe yuko nje. Ngoja uone."

Nikashuka ngazi mbilimbili. Nikamkokota baba na magoti yake, yeye anauliza kuna nini, mimi sijibu. Nilitaka mzee akawape vidonge vyao.

Tukaingia. Msimamizi akatabasamu.

"Shikamoo, mzee. Nilidhani mwaka huu hutakuja. Kiti chako hiki hapa."

Nikamtazama baba. Baba akatazama viatu vyake.

"Mnajuana?"

"Nani humu asiyemjua? Kila mwaka anakuja, anasikiliza wimbo huu huu mpaka tunafunga. Mwaka jana nilimweleza habari ya stoo, nikamuuliza kama anamjua mwimbaji. Akasema hapana."

Kumbe daktari wa macho anatibu masikio.

"Baba. Sema."

Akakaa kwenye kile kiti. "Tuliishi mji huu kabla hujazaliwa. Watu wa makumbusho walimsikia mama yako akiimba huku anafua, wakamwomba aje kurekodi. Mimi nilikuwa safarini. Niliporudi, wenzangu gereji wakaniambia mkeo ana sauti tamu. Nikaona wananicheka. Nikaja hapa, nikafoka mpaka wakafuta jina. Na nyumbani nikamwambia sitaki kusikia wimbo tena."

"Na wewe huku ulianza kuja lini?"

"Nilipostaafu."

"Mama alikuwa hai."

"Alikuwa hai."

"Yaani yeye yuko jikoni, wewe unapanda basi kuja kumsikiliza kwenye hedfoni? Si ungemwomba aimbe?"

"Nilimwomba. Akasema amesahau."

Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii baba yake, na siyaombei radhi. Kwamba alimfunga mdomo, akawaacha watu wamwite Mama Kimya, na sasa amekuja kumuaga kabla sauti yake haijafungiwa stoo, wakati neno moja lingemwokoa.

"Ulishindwa nini kulisema?"

"Nikilitaja jina, watauliza nani alilifuta."

Basi, hiyo tu ndiyo sababu. Mzee alikuwa anailinda sura yake.

Msimamizi alishashika kalamu. "Dada, nitajie nibadilishe kadi."

Ningeweza. Nikakataa. "Atalitaja yeye. Alilifuta kwa mdomo wake, atalirudisha kwa mdomo wake."

Baba akavua kofia. Akalitaja lote, la mama, la baba yake na la babu yake. Kisha akaongeza bila kuulizwa, "Na aliyelifuta ni mimi, mumewe."

Mnasubiri niseme tulikumbatiana. Hatukukumbatiana. Kwenye basi la kurudi mimi nilikaa mbele, yeye nyuma. Nampikia, namfulia, salamu nampa. Kumsamehe bado.

Kama nyumbani kwako kuna mtu anaimba jikoni, mwache aimbe. Ukimnyamazisha, siku ukiitaka sauti yake atakwambia amesahau, na atakuwa anasema kweli.

Jina la mama siliandiki hapa. Liko ukutani, kadi ya dirishani. Ukifika mji ule, panda ghorofani ukalisome. Na ukikuta kuna mzee amekalia kile kiti, mwambie asogee na wengine wasikie.