Wimbo Usiofungulika Tena

Kibanda changu kipo Rusumo, mpakani, hatua chache kutoka maegesho ya malori. Nachaji simu na kuweka nyimbo kwenye flashi za madereva. Naitwa Danstan, na kabla hujaniuliza: ndiyo, wimbo ule niliusambaza mimi. Gidioni aliutengeneza tu.

Gidioni Nzeyimana nilisoma naye sekondari. Anaishi Nyamahanga na mkewe Yuster, mtoto wao mchanga Teddy, na mama yake mzazi, Nimpaye. Analima mihogo na mahindi, ana migomba nyuma ya nyumba, hana ubaya na mtu. Miaka miwili iliyopita ofisi moja ya forodha ilikuwa inaondoa kompyuta zake kuukuu, nikamchukulia moja. Kioo chake kilikuwa na mstari wa kijani katikati. Jamaa aliipokea kama amepewa ng'ombe.

Muziki alijifunza mwenyewe, kwa ubishi. Alitazama video za mafunzo kwenye simu, akisimamisha, akijaribu, akikosea, akirudia. Mwezi wa kwanza ngoma zake zilikimbizana bila kukutana. Nikamtania kwamba hapigi muziki, anatwanga. Hakukasirika. Akarekodi kweli mchi wa mkewe kinuni, akakata mapigo moja moja, akayapanga kwenye vile vijisanduku vya programu mpaka kinu kikawa ngoma. Siku aliyonisikilizisha nilicheza, na mimi si mtu wa kucheza.

Programu yenyewe ilikuwa ya majaribio, na ilikuwa na roho mbaya. Ilikuruhusu kuhifadhi kazi, lakini ukiifunga haikufungulii tena mpaka uilipie. Kwa hiyo Gidioni alizoea kumaliza wimbo kwa kikao kimoja. Jumapili akitoka misani alikaa, hainuki mpaka wimbo umetoka mzima. Kosa likipita, limepita.

Jumapili moja ya Februari Nimpaye alikuwa nje akimbembeleza mjukuu wake. Aliimba kwa sauti ya chini, Kirundi, lugha ambayo hakumfundisha mwanawe. Alimlea kwa Kiswahili na Kisubi cha majirani, na akiulizwa kwa nini, alisema Kirundi hakina faida huku. Gidioni akaweka simu dirishani, akairekodi ile sauti, akailaza juu ya kinu. Jioni akanitumia.

Hapa ndipo ninapojichukia. Mimi ni Mhangaza, na Kirundi na Kihangaza ni ndugu. Nilielewa kila neno. Mama wa kule Burundi akimwimbia mwanawe humtaja baba wa mtoto na mlima wa kwao, maana kule mtu haulizwi kijiji, anaulizwa mlima. Nimpaye aliyataja yote mawili, kwa sababu wimbo ule alimtungia Gidioni alipokuwa mgongoni. Majina hayo siyaandiki hapa, nimeshayatangaza vya kutosha. Nilichosema siku ile ni, "Kaka, huu ni moto!" Nikauweka kwenye flashi za madereva kama arobaini, na wengine wao huendelea hadi Burundi.

Wiki tatu baadaye Nimpaye alikuwa anapalilia mihogo, bodaboda akapita akiupiga kwa sauti kubwa. Alirudi nyumbani bila jembe.

"Nani ameichukua sauti yangu?"

"Ni mimi, mama. Watu wanaupenda sana."

"Mana yanje," akamwita Mungu wake kwa Kirundi, akakaa chini pale pale mlangoni.

Ndipo akamweleza. Baba yake Gidioni hakufa kwa malaria, kama alivyoambiwa siku zote. Mwaka wa tisini na tatu watu walikuja kumuua, na aliyewaonyesha njia ya nyuma, ya migombani, alikuwa mdogo wake mwenyewe, Manirakiza. Nimpaye alijificha kwenye migomba hiyo na mtoto mgongoni, akaisikia sauti ya shemeji yake ikisema, piteni huku. Shamba likabaki kwa Manirakiza.

"Anaamini tulikufa wote," mama akasema. "Mtoto wa kiume wa kaka yake akiwa hai, shamba lile si lake tena. Miaka yote hii nimekuficha kwa kunyamaza. Yatoe yale majina, mwanangu."

Gidioni akawasha kompyuta. Kazi ilikuwepo, ameihifadhi kwa jina la Teddy, na kila alipoibonyeza programu ilimdai leseni. Mama alisimama nyuma yake muda wote akikitazama kile kioo. Hata kama ingefunguka, wimbo ulishavuka mpaka.

Akanipigia, akaniambia yote. Nikafuta. Madereva waliporudi niliwaomba flashi zao nikafuta pia, wakanicheka. Niliogopa, sifichi.

Mwezi wa sita, saa mbili asubuhi, gari dogo jeupe lilisimama mbele ya kibanda. Akashuka mwanamume mmoja nadhifu, mpole.

"Wimbo wa mama anayebembeleza, umetoka kwako?"

"Nyimbo hapa zinatoka kila mahali," nikamjibu. "Huo siujui."

Hakubisha. Akaweka flashi mezani. "Mzee wangu ameupenda. Ameujibu. Ukimfahamu mwenye sauti, mpelekee. Usipomfahamu, itupe."

Alipoondoka nikaisikiliza mpaka mwisho. Jambo kama lile sikuona namna ya kulisema kwenye simu. Nikafunga kibanda, nikapanda basi. Basi liliposimama Nyakahura niliona gari jeupe nyuma yetu, lakini magari meupe ni mengi. Nikanunua mahindi ya kuchoma. Kisha nikapanda pikipiki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Danstan. Mbona umekuja bila taarifa?"

Gidioni akachomeka flashi. Ilikuwa sauti ya mzee, bila ngoma, taratibu. Alianzia pale Nimpaye alipoishia, akaimba ubeti wa pili, ule wa kumtaja mtoto. Akalitaja jina la utotoni la Gidioni, ambalo hata mwenyewe hakuwahi kulisikia. Mwisho akasema kwa upole kwamba anafurahi mwana wa kaka yake ni mzima.

Nimpaye hakulia. Alinigeukia mimi.

"Umepewa hii, ukaja huku moja kwa moja?"

Nilifungua kinywa nijibu. Yuster, aliyekuwa anaanua nguo nyuma ya nyumba, akaniita.

"Shemeji Danstan! Mbona wenzako umewaacha kwenye migomba?"