Fundi wa Kanga Mbele ya Hakimu wa Siamu

Nilitoka Kanga, kijiji chetu kisiwani Mafia, kwa ajili ya kazi, si kwa matembezi. Meli ya moshi iliyotia nanga Unguja ilikuwa ikitafuta fundi seremala, nayo ilikuwa inakwenda Siamu kupakia mchele. Mimi Mshamu nimeshika tezo tangu sijaota ndevu. Nikasema kazi hiyo lazima aipate mtu wa Mafia. Boma la Wadachi, yaani Wajerumani waliotutawala, pale Chole likanipa cheti cha kuwa mimi ni raia wao, nikakitia kibindoni.

Kolombo tulichukua makaa, Singapuri maji, kisha tukaingia mto wa Bangkok, ambako watu huuziana mpaka uji wakiwa ndani ya mitumbwi.

Bangkok nilifikia kwa Haji Daudi, Mwislamu wa huko mwenye asili ya Kimalai, tuliyejuana msikitini siku ya Ijumaa. Yeye amekaa Makka miaka, nami Kiarabu kidogo ninacho, basi tulielewana.

Jumatatu asubuhi, Haji akiwa pamoja nami, nilikuwa naongoza tishari, chombo bapa cha shehena, lililojaa mchele kuelekea melini. Mkondo ukanishinda, nikaigonga mashua ya bibi mmoja muuza mboga. Ubavu wa mashua ukapasuka. Bibi tulimwopoa mzima, mboga zikaenda na maji. Mara askari akafika.

Karani wa meli akanipigia kelele kutoka juu: "Toa cheti chako! Wewe mtu wa Mdachi, hao hawana ruhusa kukugusa. Na keshokutwa jioni tunang'oa nanga!"

Nikamgeukia Haji. "Ni kweli?"

"Kweli, mwanangu. Mwenye karatasi ya Mzungu huhukumiwa na balozi wake. Mashariki yetu yuko Mfaransa, magharibi na kusini Mwingereza. Mfalme wetu amewaachia nchi za ng'ambo ya mto mkubwa, na juzi juzi majimbo ya Kimalai, waliko ndugu zangu. Amekata vidole abakize mkono. Lakini hata humu mkononi watu hutukosea, kisha wakatuonyesha karatasi."

Maneno yale yaliniingia. Kwetu, mtu wa Kanga huhukumiwa na mgeni asiyemjua hata baba yake. Leo mgeni ni mimi. Cheti nikakiacha palepale kibindoni, nikamfuata askari.

Alasiri nilisimama mbele ya hakimu, mtu wa makamo aliyevaa koti jeupe. Haji akatafsiri.

"Nasikia unacho cheti. Mbona hukukitoa?"

"Nimekosa katika maji yenu," nikasema. "Nihukumuni ninyi."

Hakimu akaandika, akaandika. Kisha akasema: "Utamtengenezea bibi chombo chake. Kisipoelea, meli itaondoka bila wewe."

Siku mbili zilizofuata sikuiona Bangkok, niliona mbao tu. Nilibandua zilizovunjika, nikachonga mpya, nikaziba nyufa kwa kalafati ya pamba na mafuta kama tufanyavyo Kanga. Bibi alikaa ubavuni pangu akinionyesha kwa kidole kila penye mwanya. Mafundi wa pale walikuja kutazama, mmoja akaniomba nirudie polepole.

Siku ya pili, alasiri, tuliishusha mashua majini. Bibi akapitisha kiganja kwenye maungio yote akitafuta unyevu. Hakuupata. Akacheka, akasema neno.

"Anauliza fundi kama wewe anatoka nchi gani," Haji akanambia.

"Mwambie Mafia."

Bibi akalitamka jina hilo mara mbili, vizuri kabisa. Meli niliidiriki ikiwa inavuta mnyororo wa nanga.

Niliporudi Kanga nilikwenda kumwamkia akida, mtu wa kwetu aliyewekwa na Wadachi kutusimamia.

"Shikamoo, Bwana Akida."

"Marahaba, Mshamu. Huko Siamu ni kwa Mwingereza au Mfaransa?"

"Ni kwa Wasiamu."

Akacheka. "Hakuna nchi isiyo na Mzungu wa kuitawala."

Mimi nimejifunza kuwa nchi hulindwa na mfalme wake, lakini pia na kila mgeni anayekubali kuiheshimu. Hilo sikumwambia. Nilimwambia tu, kifua mbele: "Wao ndio walionihukumu, Bwana. Nami niliwakubali."