Mama na Greda Lililozima Kwenye Kona

Risasi ikiyeyuka juu ya waya wa shaba hutoa harufu kali yenye utamu kidogo, na harufu hiyo hukaa puani muda mrefu baada ya moshi kuisha. Kwetu Sumbawanga ndiyo ilikuwa harufu ya nyumbani. Wenzangu wa mtaani walipotoka shule walimkuta mama yao akipepeta ulezi au amekwenda sokoni. Mimi nilimkuta wangu amelala chini ya lori, miguu tu ikionekana, kitenge amekifunga juu ya suruali. Alikuwa fundi umeme wa magari na mitambo, kazi aliyofundishwa na babu, na hakuwa mtu wa kujishusha. Mgeni akifika gereji na kuuliza fundi yuko wapi, alijibiwa, "Unaongea naye." Nilipenda sana kumsikia akisema hivyo.

Nikiwa darasa la tano, likizo ya mwezi wa tisa, alitubeba mimi na mdogo wangu Deo tukapanda gari hadi kijiji alikoolewa mdogo wake, mama mdogo Yustina. Kijiji kile kiko upande wa Nkasi, pale uwanda wa Ufipa unapokatika na kuteremka kuelekea ziwani. Upepo wa huko ni baridi, na nyasi za kiangazi zilikuwa zimekauka hadi zinalia zikigusa miguu. Njia ya kutoka kijijini ilichimbwa kwa majembe, na mvua zikianza hakuna gari lililothubutu kuipita. Mama mdogo alikuwa mjamzito. Mimba iliyotangulia ilimharibikia njiani, akiwa amebebwa kwenye machela gizani na kwenye matope. Safari hii mtoto alitarajiwa katikati ya masika, na ndani ya nyumba ile kila mtu aliitazama ile njia bila kusema anachofikiria.

Tumaini lao lilikuwa greda. Mzee Salehe, mfanyabiashara wa mjini aliyekuwa akinunua mahindi yao, alikubali kuwaletea la kwake lichonge barabara kabla ya mvua. Lilikuwa greda la mtumba, limepita mikono mingi kabla ya kuvushwa mpaka wa Zambia pale Kasesya, rangi yake ya njano imebaki mabaka. Lilichonga kipande kidogo tu, likaanza kuzima bila kutoa dalili. Likikaa kidogo linawaka, linakwenda, linazima tena. Opereta wake, kijana mpole aitwaye Athumani, alibadilisha chujio na kumwaga mafuta yote ya tangi akidhani yana maji. Haikusaidia. Mzee Salehe akatuma ujumbe kwamba likiendelea hivyo litavutwa kurudi mjini. Ndipo mama mdogo alipomwambia mwenyekiti wa kijiji, "Dada yangu ndiyo kazi yake hiyo."

Mama alifungua kifuniko cha nyaya, akainama kuchungulia. Mtu fulani, sijui wa nchi gani, alikuwa ameziondoa nyaya za rangi mbalimbali na kuweka nyeusi tupu, mmoja hautofautiani na mwingine kwa lolote ila njia unakopita. Alichana kitenge chake kikuukuu vipande vipande, kila waya aliokwisha kuufuata hadi mwisho akaufunga kitambaa chake: chekundu cha stata, cha kijani cha taa, na kadhalika. Kazi hiyo ilimaliza siku nzima. Jioni alikuta waya wa ethi, ule unaounganisha betri na chasi, umeliwa na kutu. Akausafisha, akaukaza, greda likawaka na kwenda bila kusita. Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikatembea kijijini kama binti wa mkuu wa mkoa.

Kesho yake asubuhi, watu wakiwa wamejaa barabarani na majembe yao, likazima palepale kwenye kona ya kwanza. Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alimsogelea mama akamwambia kwa upole, "Mama Oliva, umejitahidi. Tukubali tu liende."

"Bado, mwenyekiti," mama akasema, kisha akapaza sauti ili wote wasikie. "Jana nilikosea. Ethi ilikuwa mbovu kweli, lakini siyo iliyokuwa inalizima. Nipeni leo."

Nilikuwa sijawahi kumsikia mtu mzima akisema amekosea huku kichwa kiko juu namna ile. Akamgeukia Athumani. "Likizima, wewe unakuwa unafanya nini?"

"Naendesha tu, dada."

"Mikono yako inakuwa inafanya nini?"

Athumani alifumba macho, akaiinua mikono hewani kama yuko kwenye usukani. Tuliiona ikizunguka. "Nakunja," akasema taratibu. "Nakunja kushoto. Kila mara kushoto."

Greda hukunjika katikati kama kiuno cha mtu, na nyaya za kupeleka umeme kwenye injini hupita hapohapo. Mama alichukua balbu ndogo, akaiunga kwenye waya unaopeleka umeme kwenye kifaa kinachofungulia injini mafuta. Balbu akaiweka ndani ya kopo ili jua lisiifiche, akalining'iniza kwenye kioo cha kabini, sisi sote tuione. Athumani akaendesha moja kwa moja: balbu inawaka. Akakunja kulia: inawaka. Alipokunja kushoto balbu ikazimika, na injini ikanyamaza pamoja nayo. Watu wakaguna kwa pamoja, kama kanisani.

Katika kile kiuno, chini ya grisi iliyoganda na tepu nyeusi, mama alikuta waya uliowahi kukatika ukaungwa mfupi mno. Greda likikunja kushoto ulivutika na kuachana. Akaweka mrefu zaidi, akauunga kwa risasi aliyoiyeyusha kwenye mkaa wa mama mdogo, akaufunga usisuguane na chuma. Kisha akapanda kabini, akasimama kando ya Athumani, wakaenda kuzunguka kushoto kwenye uwanja wa mpira wa shule, wakazunguka, wakazunguka, hadi mwalimu mkuu akaja kuuombea uwanja wake.

Barabara ilichongwa hadi ikafika njia kuu ya lami, mvua za kwanza zikianza. Mama mdogo alipelekwa hospitali kwa pikapu, amekaa mbele kando ya dereva, akajifungua mtoto wa kiume. Kijiji kilimtania jina la Greda, nalo limemganda hadi leo anapoota ndevu.

Siku hizi fundi ni mimi. Mashine ninazotengeneza huchomekwa kompyuta ndogo, nayo hutaja kosa kwa namba. Kazi ya siku mbili za mama mara nyingine naimaliza kabla chai haijapoa, wala sitamani tena nyaya nyeusi tupu. Ila hakuna kijiji kinachosimama kuitazama kazi yangu, na hilo nalikosa. Mwaka jana mama, ambaye magoti yamemstaafisha, alikuja gereji kwangu nikiwa nimemaliza kufunga upya nyaya za kijiko, mtambo wa kuchimbia, cha mteja. Akauliza nani amezifunga. Nikasema mimi. Nilimsogezea mita ya umeme apime, kama alivyokuwa akiipima kazi ya kila fundi aliyepita mikononi mwake. Hakuipokea. Alishusha kifuniko, akafuta mikono ambayo haikuwa na grisi, akamwambia mwenye mashine aliyekuwa akisubiri, "Panda, uwashe."