Pini ya Fundi

Fundi mwenzangu wa cherehani, mama mtu mzima, mkono wake wa kulia unakufa ganzi, lakini mdomo wake haujapata ganzi hata siku moja. Kila akimaliza pindo anaukung'uta mkono kama mtu aliyenawa akakosa taulo, kisha anaendelea. Ukimuuliza, ni baridi. Mkasi ukimponyoka, mwenye makosa ni mkasi. Nilimpigia kelele mpaka akaenda kliniki, akaambiwa mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono, apumzike, na usiku alale amevaa gango la kushikilia kifundo kisipinde. Gango akapewa. Amelifunga kwenye cherehani na kulichomeka pini, maana lina sponji nzuri.

“Mama, hilo ni la mkononi!”

“Mkononi linanisumbua, mwanangu. Hapa linanisaidia.”

Sikio la kufa halisikii dawa. Leo mchana alikuwa akinisimulia vituko vya mkwewe, anacheka mpaka machozi, huku pini imesimama kwenye kidole gumba chake cha kulia, imezama nusu. Nikaichomoa. Damu ikafuata. Akaiangalia ile pini mkononi mwangu, uso ukamchangamka.

“Afadhali umeiona,” akasema. “Nimeitafuta tangu asubuhi.”